Enoch Sontonga, mwalimu aliyetunga muziki wa wimbo wetu wa taifa
Wanafunzi wakiimba wimbo wa taifa mstarini, Kibiti mjini au kule delta ya Rufiji, sauti ile ni ya mwalimu wa Afrika Kusini, Enoch Sontonga. Aliitunga mwaka 1897, akifundisha kwaya katika shule ya misheni ya Kimethodisti Johannesburg. Wapo wanaosikia ndani yake tenzi ya Joseph Parry wa Wales, ingawa wengine hawakubali. Alifariki 1905, hajafikisha miaka 35. Mshairi Samuel Mqhayi akaongeza beti saba. Tanganyika ilipopata uhuru 1961, muziki ulibaki, maneno yakawa ya Kiswahili. Baada ya Muungano, jina Tanganyika likaipisha Tanzania. Kaburi lake lilipotea miaka mingi, hadi 1996 lilipotangazwa kumbukumbu ya taifa.