Julia Pastrana: Mwanamke wa ndevu aliyefanywa biashara na bwanake hata baada ya kufa

Kama wewe ni dem na kila asubuhi lazima ung'oe nywele za kidevu kabla utoke kwa nyumba, hii story ni yako. Na kama wewe ni wale wa kumcheka dem mwenye ndevu kwa mat, kaa hapo usome pia.

Julia Pastrana alizaliwa 1834 huko Sinaloa, Mexico. Uso, mikono, mwili karibu wote ulikuwa umejaa nywele nyeusi. Ufizi wake nao ulikuwa mnene hadi midomo ikatokeza mbele. Sasa usichanganye mambo. Wanawake wengi wanaoota ndevu siku hizi ni homoni zimepanda, testosteroni, mara nyingi juu ya ile shida ya ovari inaitwa PCOS, na nywele hutokea pale pale zinaotea mwanaume: kidevu, mdomo wa juu, kifua. Ya Julia alizaliwa nayo. Lakini macho ya watu ni yale yale.

Mwisho wa 1854 akaanza kuonyeshwa New York. Watu wanalipa, wanaingia, wanamkodolea. Matangazo yalisema ati ni nusu mtu nusu mnyama. Na huyu ni msichana mfupi, hakufika mita moja na nusu, anaimba, anadansi, anaongea Kihispania na Kiingereza. Wangapi kati ya hao waliolipa wangeweza hayo?

Meneja wake, jamaa anaitwa Theodore Lent, akamuoa. Mapenzi? Jijibu ukimaliza kusoma. Alimpeleka London 1857, wakazunguka Ulaya, doh ikaingia. Charles Darwin mwenyewe alimtaja kwenye kitabu chake cha 1868, lakini hapo Julia alikuwa ashaenda.

Aliendaje? Walikuwa Moscow, 1860. Akazaa kijana, naye mtoi akatoka na nywele kama mamake. Hakuishi siku nyingi. Siku chache baadaye Julia naye akamfuata, miaka 25 tu.

Wewe ungedhani bwana atalia, azike. Zii. Lent aliuza miili yote miwili kwa profesa wa huko, ikawekwa dawa isioze. Alipoona imetoka poa, akaichukua tena, akamsimamisha mkewe na gauni la kudansi, mtoto kando, watu wakaanza kulipa upya. Halafu akaoa dem mwingine wa ndevu, akamuita Zenora, akawaambia watu ni sista ya Julia. Alikufa Urusi 1884, akili zikiwa zimeruka.

Biashara haikuisha naye. Miili ilifika Norway 1921, ikaendelea kuonyeshwa kwa maonyesho miaka mingi. 1976 wahuni walivunja pale ilikuwa imewekwa, mwili wa mtoto ukaharibiwa, panya wakamalizia. 1979 Julia akaibwa, polisi wakampata, akaishia kufungiwa stoo ya chuo kikuu Oslo.

Msanii wa Mexico, Laura Anderson Barbata, ndiye alisumbua wakubwa kwa miaka hadi wakamwachilia. Februari 2013, karibu miaka 153 baada ya kufa, Julia alizikwa Sinaloa de Leyva, jeneza jeupe, maua meupe kila mahali. Jeneza lilikuwa limefungwa, na siku hiyo hakuna mtu alilipa kuingia.