Irene Stefani na swali la vijana wa Kibera

Lipo swali ambalo wanafunzi huwauliza walimu wao wa dini, na ambalo wengi wetu hulikwepa. Katika zama hizi za mashirika ya misaada na wataalamu wa kila fani, mtawa wa Kikatoliki ana faida gani? Kwa nini msichana aliyesoma aache ndoa na mali, ajifunge kwa nadhiri? Katika mitaa ya Kibera na Kawangware swali hili ni zito zaidi, kwa kuwa huko aghalabu jamaa nzima huitegemea elimu ya binti mmoja. Tukitaka kulijibu kwa haki, na tuyatazame maisha ya mtawa mmoja.

Irene Stefani alizaliwa Anfo, kaskazini mwa Italia, tarehe 22 Agosti 1891. Mwaka 1911 alijiunga na Masista Wamisionari wa Consolata, shirika ambalo Padre Giuseppe Allamano alikuwa amelianzisha mwaka mmoja tu kabla yake. Aliweka nadhiri mwaka 1914, na mwanzoni mwa 1915 akawasili Kenya.

Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kupamba moto. Waafrika walikusanywa kwa maelfu wawe wapagazi wa jeshi la Uingereza. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi ungali unalihifadhi jina la kikosi chao, kama vile Kibera inavyowahifadhi wazao wa askari wa Kinubi wa Keya. Wapagazi hao waliuawa na maradhi kuliko risasi. Irene aliwauguza katika hospitali za kijeshi huko Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, akiwaosha vidonda watu ambao serikali iliwahesabu kama mizigo waliyoibeba.

Mwaka 1920 alihamia Gikondi, Nyeri. Kwa miaka 10 alifundisha shuleni, na baada ya masomo alipanda na kushuka vilima akiwazuru wagonjwa majumbani. Wenyeji walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Tauni ilipozuka mwaka 1930, alimuuguza mwalimu mmoja wa shule, naye akaambukizwa. Alifariki tarehe 31 Oktoba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri huko Nyeri, na Novemba ya mwaka uo huo Papa Francis akawatembelea wakazi wa Kangemi, jirani za Kawangware.

Ni kweli kwamba wamisionari walikuja chini ya kivuli cha ukoloni, na historia hiyo haifai kufichwa darasani. Lakini tauni haikumwuliza Irene alikotoka. Alikuwa na njia ya kuondoka, naye akabaki. Hapo ndipo ilipo maana ya nadhiri. Mradi wa misaada huwa na tarehe ya kumalizika. Fedha zikikatika, ofisi hufungwa na mtaa huachwa na kibao chenye kutu. Mtawa aliyejitoa maisha yake yote hana tarehe hiyo, na mgonjwa wa kibandani hulijua jambo hilo upesi kuliko msomi.

Hata hivyo, nadhiri hiyo ni hukumu pia. Nyumba ya kitawa iliyojizungushia kuta ndefu, ikawa na raha kuliko majirani zake, imeupoteza utetezi wake wote, na vijana wana haki ya kuihoji.

Basi mwalimu asimlazimishe mwanafunzi kuupenda utawa, wala asimcheke anayeutamani. Amsimulie habari za mwalimu yule wa Gikondi aliyekuwa akifa kwa maradhi ambayo kila mtu aliyakimbia. Kisha amwulize ni nani, katika kichochoro anachoishi, atakayebaki wengine wakishakimbia.