Robert Broom na Mamalia Wanaotaga Mayai

Robert Broom alizaliwa tarehe 30 Novemba 1866 mjini Paisley, Uskochi, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 1889. Wengi humkumbuka kwa mafuvu ya zamadamu aliyoyafukua Afrika Kusini, hususan lile la Sterkfontein la mwaka 1947 lijulikanalo kama Bi. Ples. Hata hivyo, msingi wa kazi yake uliwekwa Australia, alikokwenda mwaka 1892, miaka minane tu baada ya William Caldwell kuthibitisha kwamba platipasi hutaga mayai.

Mnyama huyo, mwenye mdomo mpana kama wa bata, alikuwa amewatatiza wataalamu kwa muda mrefu. Mwenzake ni ekidna, ambaye mkulima wa Manyatta, Embu, angemdhania kuwa nungunungu mdogo kwa miiba yake. Kumbe jike lake hubeba yai katika mfuko wa tumboni. Wote wawili wana tundu moja tu la kupitishia mkojo, kinyesi na mayai, na mifupa ya mabega yao inakaribiana na ya mijusi. Pamoja na hayo, wana nywele mwilini na hunyonyesha, ingawa hawana chuchu: maziwa huchuruzika ngozini. Kangaruu na jamaa zake hawatagi, bali huzaa kitoto kichanga mno, kikatambaa chenyewe hadi kwenye chuchu na kuendelea kukua hapo.

Broom alitibu wagonjwa, na alipopata nafasi alipasua vichwa vya wanyama hawa akichunguza ogani ya Jacobson, kiungo kidogo cha kunusia kilichomo puani. Mwaka 1897 alihamia Afrika Kusini. Katika miamba ya Karoo alikuta visukuku vya reptilia ambao meno na mataya yao yalikwisha kuanza kuelekea umbo la mamalia, na bila shaka jicho lililozoea platipasi lilimfaa sana huko.

Sifa zake zisifunike jambo moja. Daktari huyu alikusanya pia mafuvu na mifupa ya Wakhoi na Wasan, wakiwemo wafungwa waliofia gerezani, bila ridhaa yao wala ya jamaa zao. Waliomsifu enzi zake hawakuliona hilo kuwa dhuluma. Shirika la Kifalme la London lilimpokea kuwa mwanachama mwaka 1920. Alifariki Pretoria tarehe 6 Aprili 1951, akiwa na umri wa miaka 84.