Anthony Perkins: Mwigizaji aliyekimbia ‘Psycho’ kisha akairudia

UKITAZAMA zile filamu za kutisha ambapo jamaa mwenye kisu anawamaliza watu mmoja baada ya mwingine, ujue nyingi zimerithi mengi kutoka kwa kijana mmoja mrefu, mwembamba, mwenye tabasamu la aibu. Huyo ni Anthony Perkins.

Alizaliwa Aprili 4, 1932, jijini New York, Marekani. Babake, Osgood Perkins, alikuwa mwigizaji pia, lakini alifariki 1937 Anthony akiwa na umri wa miaka mitano tu. Baadaye alikiri kwamba utotoni alimwonea babake wivu kwa kuwa alitaka mama awe wake peke yake. Kifo hicho kilimwachia mzigo wa hatia kwa miaka mingi.

Mwanzoni hakuna aliyemhusisha na mambo ya kutisha. Alikuwa kipenzi cha wasichana, akirekodi nyimbo za mapenzi na kuigiza vijana wapole. Filamu ya Friendly Persuasion ya 1956 ilimfanya ateuliwe kuwania tuzo ya Oscar.

Kisha ikaja Psycho mwaka wa 1960. Mwelekezi Alfred Hitchcock alimpa nafasi ya Norman Bates, kijana mnyenyekevu anayesimamia gesti ya kando ya barabara na kumwogopa mamake kupita kiasi. Filamu ilitengenezwa kwa takriban dola 800,000 pekee, tena bila rangi. Damu iliyotiririka bafuni ilikuwa sharubati ya chokoleti!

Tukio hilo la mwanamke kuuawa akioga lilichukua siku saba kurekodiwa. Cha kushangaza ni kwamba Perkins hakuwepo. Alikuwa New York akifanyia mazoezi mchezo wa jukwaani. Hata hivyo, ni yeye ambaye watu walimkumbuka kila walipofunga mlango wa bafu.

Hapo ndipo shida ilianzia. Sura ya Norman ilimganda kama kupe. Alienda kufanya kazi Ulaya, akashinda tuzo ya mwigizaji bora kule Cannes 1961 na kuigiza chini ya Orson Welles mwaka uliofuata. Lakini aliporudi nyumbani, wengi walimtaka aigize watu wenye akili zilizovurugika, basi.

Hitchcock alifariki 1980. Muda si muda, wazo la kuendeleza hadithi yake likazuka. Perkins alikataa mwanzoni, ila aliposoma hadithi yenyewe akalegea. Psycho II, iliyoelekezwa na Richard Franklin, ilitoka 1983, miaka 23 baada ya ile ya kwanza.

Inaanza kwa kuonyesha tena lile tukio la bafuni. Kisha tunamkuta Norman akiachiliwa baada ya miaka 22 katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Anapata kibarua mkahawani na anajitahidi kuishi kama watu wengine. Lakini dadake marehemu, Lila, aliyeigizwa tena na Vera Miles, hataki kusikia habari za msamaha. Simu zinaanza kulia, na anayepiga anadai kuwa mama. Wengi walioenda kuogopa walijikuta wakimhurumia muuaji.

Huenda ndiyo sababu Perkins aliiweza vizuri. Naye pia alikuwa mtu ambaye ulimwengu ulikataa kumwona upya. Filamu hiyo ilivuna zaidi ya dola milioni 30, na badala ya kumtoroka tena Norman, aliielekeza Psycho III mwenyewe mwaka wa 1986. Ya nne ilipeperushwa kwenye televisheni 1990.

Wakati huo tayari alikuwa akiugua. Gazeti moja la udaku lilitangaza kuwa ana virusi vya HIV, enzi ambazo habari kama hiyo ingeweza kuzima kazi ya mwigizaji mara moja. Alinyamaza, akaendelea kufanya kazi. Aliaga dunia Septemba 12, 1992, akiwa na umri wa miaka 60, kutokana na maradhi yanayohusiana na Ukimwi.

Mkewe, mpigapicha Berry Berenson, aliangamia katika mojawapo ya ndege zilizotekwa na magaidi Septemba 11, 2001, siku moja tu kabla ya kumbukumbu ya miaka tisa ya kifo cha mumewe.

Waliacha wavulana wawili. Elvis ni mwanamuziki. Osgood, aliyepewa jina la babu yake, aliigiza Norman akiwa mtoto katika Psycho II. Siku hizi ni mwelekezi, na filamu yake Longlegs ya 2024 iliwanyima wengi usingizi.