Mchungaji Oberlin na Miti ya Kipaimara

Wazee wa Usharika waliponiomba niandike habari ya utunzaji wa mazingira katika kitabu hiki cha Jubilei ya miaka 100, niliona ni vema nieleze maisha ya mchungaji mmoja wa Kilutheri ambaye habari zake nilizisikia kwanza nikiwa mwanafunzi wa theolojia, nazo hazijaniacha tangu siku hiyo. Jina lake ni Johann Friedrich Oberlin.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1740 katika mji wa Strasbourg, jimbo la Alsace, nchini Ufaransa. Mwaka 1767 alipokea wito wa kulitumikia kanisa la Waldersbach, katika milima ya Vosges. Eneo lile Wajerumani waliliita Bonde la Mawe, na jina hilo halikuwa la utani. Udongo ulikuwa haba, majira ya baridi yalikuwa marefu, na mvua zilipokuja zilichukua hata ule udongo kidogo uliokuwapo. Viazi, ambavyo ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini, vilikuwa vimedhoofika kwa sababu mbegu ileile ilipandwa mwaka hata mwaka. Mtangulizi wake, Mchungaji Stuber, alikuwa amefanya kazi njema ya shule, lakini njaa ilibaki palepale.

Oberlin alitambua mapema kwamba hawezi kuwahubiria watu habari za Baba aumbaye na kutunza, huku akinyamaza juu ya ardhi inayokufa chini ya miguu yao. Jambo hili halikuwapendeza wote. Wako walioona kwamba mchungaji anaingilia mambo yasiyo yake, na kundi moja lilipanga kumvizia na kumpiga. Alipopata habari, alihubiri Jumapili ile juu ya kuvumilia mabaya, kisha akaenda mwenyewe nyumbani walimokutana wale waliopanga shauri lile na kujitoa mikononi mwao. Wakaona haya, wakaomba msamaha.

Kazi kubwa ya kwanza ilikuwa barabara, kwa kuwa bonde halikuwa na njia nzuri ya kufika Strasbourg. Alipowaambia washarika kwamba wapasue miamba, wajenge kuta za kuzuia udongo usiporomoke, na waweke daraja juu ya mto Bruche, walisema haiwezekani. Basi akachukua sururu begani akatangulia. Wakamfuata.

Kuhusu miti, hakuanza kwa kuamuru. Nyumba ya mchungaji ilikuwa na mashamba yenye udongo mbaya kabisa, ambayo njia za watu wote zilipita katikati yake. Huko alichimba mitaro mirefu, akaijaza udongo mzuri na mbolea, akapanda miche ya matufaha, peari, plamu na cheri. Miaka ikapita, nayo miti ikanawiri pale ambapo kila mtu alijua hapaoti kitu. Waumini wakienda kanisani walisimama, wakatazama, na mwishowe wakamwendea kumwuliza. Kwanza aliwaelekeza kwa Mungu aotezaye, ndipo akawafundisha kuchimba na kupandikiza. Mimi huona hekima kubwa katika jambo hili, kwamba alisubiri mpaka wakauliza.

Baadaye akaweka utaratibu ambao ndio hasa ulionifanya nimchague. Kijana aliyetaka kupokea kipaimara alipaswa kuleta cheti kutoka kwa wazazi wake kinachothibitisha kwamba amepanda miti miwili mahali palipopangwa. Si mchungaji aliyeshuhudia, bali wazazi, na hivyo nyumba nzima iliingia katika lile agano. Siku ya kuchuma matunda ya kwanza ilikuwa sikukuu. Wengi wetu tumeona mche ukipandwa na mgeni rasmi, ukapigwa picha, na kabla ya mwezi kwisha ukaliwa na mbuzi. Kule Waldersbach mti ulikuwa na mwenyewe, naye alijulikana kwa jina.

Aliagiza mbegu mpya za viazi kutoka nje, na mbegu za kitani kutoka Riga. Aliwafundisha watu kugeuza majani makavu, kuvu la miambani na hata vitambaa vikuukuu vya sufu kuwa mbolea, na kulisha ng'ombe zizini ili samadi isipotee. Watoto shuleni walijifunza kuitambua mimea ya bonde lao na kuichora. Katika elimu ya watoto wadogo, mabinti wa vijijini ndio waliobeba mzigo, nao ni Sara Banzet, aliyefariki akiwa kijana, na Louise Scheppler, aliyemtumikia Oberlin mpaka mwisho. Mke wake, Madeleine-Salomé, alifariki mwaka 1783.

Hakuwa mtu asiye na kasoro. Aliamini kwamba marehemu mkewe alimtokea kwa miaka mingi, na mwalimu wangu wa dogmatiki asingempa alama nzuri kwa jambo hilo. Lakini mtu huyohuyo aliacha kutumia sukari na kahawa kwa sababu zilizalishwa na watumwa waliochapwa mijeledi. Kwake tunda la ardhi halikuwa safi kama jasho lililolilima lilikuwa la kulazimishwa.

Jaribu gumu zaidi lilihusu misitu. Kwa zaidi ya miaka 80 wanavijiji walikuwa na kesi dhidi ya mabwana wa ardhi juu ya haki ya kuitumia misitu ya bonde. Kesi ilikula fedha za maskini, na uhasama ulirithiwa na watoto. Oberlin, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, aliwasihi watu wake wakubali mapatano, hata kama hawatapata yote waliyodai. Bila shaka wapo walioona amewauza. Mwaka 1813 mapatano yalitiwa sahihi mbele ya mkuu wa mkoa, Lezay-Marnésia, na ile kalamu iliyotumika akapewa Oberlin aitundike katika chumba chake cha kusomea.

Njaa ilipoikumba Ulaya mwaka 1816 na 1817, viazi vya bonde lile viliwasaidia watu kuvuka. Mwaka 1818 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Paris kilimpa nishani ya dhahabu.

Alifariki tarehe 1 Juni 1826, akiwa amekaa katika kanisa hilohilo karibu miaka 60. Alizikwa Fouday, kijiji cha jirani. Wakatoliki nao walikuja, wakapiga magoti na kuomba pamoja na Walutheri. Juu ya kaburi uliwekwa msalaba wa chuma wenye jina ambalo watu wa bonde walikuwa wakimwita siku zote: Papa Oberlin.