Karani wa sufu aliyelisoma Bonde la Ufa kwa miguu

Siku moja utakuwa ndani ya matatu ya Naivasha, mnateremka kuelekea Mai Mahiu, na ndugu yako mdogo aliyebandika pua kwenye dirisha atakuuliza ni nani alichimba shimo kubwa namna hiyo. Usimwambie anyamaze. Swali lake liliwasumbua watu wazima kwa miaka mingi, na aliyekuja kulijibu vizuri alipita huku mwaka wa 1893, wakati Nairobi haikuwepo wala reli haijaanza kujengwa.

Jina lake ni John Walter Gregory. Alizaliwa London mwaka wa 1864, mtoto wa mfanyabiashara wa sufu. Akiwa na miaka 15 aliacha shule na kuingia kazini kama karani katika biashara hiyohiyo ya sufu. Hapo hadithi ingeishia, manake karani ni karani. Lakini mchana akiandika hesabu, jioni alikuwa anakimbilia madarasa ya jioni kusoma sayansi. Kama wewe unafanya kazi mchana na kusoma usiku, basi unamjua huyu jamaa vizuri kuliko mimi. Mwaka wa 1887 alipata kazi kwenye jumba la makumbusho ya viumbe na mawe London, na digrii ya kwanza akaipata 1891, miaka minne baada ya kuanza kazi hiyo.

Mwishoni mwa 1892 alijiunga na msafara mkubwa wa Wazungu uliotaka kufika Ziwa Turkana. Msafara ukavunjika hata kabla ya kufika mbali. Mwingine angepanda meli arudi kwao. Gregory alirudi Mombasa, akatafuta wapagazi kama 40 hivi, akaanza safari yake mwenyewe: Naivasha, Baringo, Laikipia hadi Mlima Kenya. Safari nzima ilichukua miezi mitano hivi. Mizigo ilibebwa na hao wapagazi, hilo tusilisahau. Yeye alibeba swali.

Sasa mjibu mtoto. Chukua vitabu vitatu, visimamishe pamoja, uvibane kwa viganja viwili. Kisha legeza mikono kidogo tu. Umeona? Cha katikati kimeteleza chini, vya pembeni vimebaki juu. Hilo ndilo Bonde la Ufa. Hakuna mto uliolichimba. Ardhi ilivutwa huku na huku, ikapasuka kwa mistari miwili, na kipande cha katikati kikazama. Ndiyo maana maziwa ya bondeni kama Naivasha, Nakuru na Baringo hayana mto unaotoka kwenda baharini. Na mle kwenye nyufa, moto wa chini ukapata njia ya kupandia, ukaacha milima kama ile Longonot unayoiona ukiteremka.

Mtaalamu mmoja wa Austria, Eduard Suess, alikuwa tayari ameandika mwaka wa 1891 kwamba huenda ardhi ilizama. Lakini Suess alitegemea ripoti za wasafiri wengine. Gregory alikuja, akagusa kuta zenyewe, akapima, akalinganisha mawe ya juu na ya chini. Mwaka wa 1896 alitoa kitabu kikubwa kuhusu safari hiyo, na jina alilolipa bonde la aina hii ndilo wanasayansi wa dunia nzima wanalotumia mpaka leo. Sehemu yetu ya mashariki wanaiita Ufa wa Gregory. Kusema kweli, picha aliipata sawasawa, ila chanzo cha mvutano hakikueleweka vizuri mpaka miaka ya 1960, sayansi ilipokubali kwamba mabara yanasonga. Bonde lenyewe bado linapanuka, milimita chache kwa mwaka. Kucha zako zinakua haraka zaidi.

Kwenye Mlima Kenya alikata njia katika msitu wa mianzi, akafika karibu mita 5,000, kwenye barafu aliyoiita Lewis. Kileleni hakufika, wa kwanza kuandikwa kufika Batian walipanda 1899. Lakini aligundua kwamba mlima huu ni volkeno nzee iliyolika. Fikiria chupa iliyozibwa kwa kizibo kigumu, halafu chupa ikavunjika ikabaki kizibo. Batian na Nelion ni kizibo hicho: mawe yaliyoganda ndani ya koo la volkeno, huku mvua na barafu zikila majivu na lava ya nje. Na chini kabisa ya barafu aliyoiona, Gregory alikuta marundo ya mawe ambayo ni barafu tu ingeweza kuyasukuma hapo. Yaani tayari mwaka wa 1893 barafu ilikuwa imerudi nyuma sana. Leo Lewis imebaki kipande kidogo. Kama unataka kuiona kwa macho yako, panga safari mapema.

Huko juu kuna kisa alichokiandika. Asubuhi wapagazi walikuta maji kwenye sufuria yamekuwa meupe na hayatikisiki, wakasema yamerogwa. Akayaweka motoni yakayeyuka, akawaambia yako salama. Alipogeuka tu, wakayamwaga na kuteka mengine kijitoni. Yeye aliona ni kichekesho. Mimi naona watu waliokuwa na akili zao, wakiwa kwenye baridi ambayo hawakuiomba. Hakuna aliyeandika kisa hicho upande wao.

Hapo ndipo Gregory ananichanganya. Aliyeweza kusoma mawe kwa subira namna ile, mwaka wa 1925 alitoa kitabu akitetea watu wa rangi tofauti watengwe, weupe kwao na weusi kwao. Aliyatembelea mabara karibu yote, akafundisha Melbourne, kisha Glasgow kwa miaka 25, akarudi huku kwetu 1919 kulipima bonde upya. Bado akaandika hivyo. Ukimtaja kwa mtoto, mtaje mzima.

Alistaafu 1929 lakini hakutulia. Mwaka wa 1932 alienda Peru kuchunguza volkeno na mitetemeko ya milima ya Andes. Tarehe 2 Juni mashua yao ilipinduka kwenye mto Urubamba, Gregory akafa maji. Alikuwa na miaka 68.