Mama wa Kollwitzplatz

Katika toleo hili la Desemba 9 tumeona tusimulie habari za mama ambaye baadhi ya watoto wetu wamekwisha kumkalia mapajani bila kumjua. Ni ile sanamu ya pale Kollwitzplatz. Jina lake Käthe Kollwitz.

Alizaliwa Königsberg mwaka 1867, akasomea uchoraji Berlin na Munich. Rangi za mafuta alizijua, akaziacha. Alisoma maandishi ya msanii Max Klinger, aliyeshikilia kwamba yako mambo mazito ya maisha yanayofaa kuchorwa kwa weusi na weupe tu. Käthe akaona hiyo ndiyo njia yake. Alikwaruza bamba la shaba kwa sindano, asidi ikala mistari, akajaza wino na kukandamiza karatasi. Bamba moja hutoa nakala nyingi, kwa hiyo picha haifungiwi sebuleni kwa tajiri mmoja.

Watu wa kuchora walimjia mlangoni. Mumewe, Karl, alikuwa daktari wa wafanyakazi katika mtaa huohuo, na wake zao wakija kutibiwa walimweleza Käthe shida za nyumbani. Mwaka 1898 alionyesha picha 6 za wafumaji walioasi kwa njaa. Majaji walipendekeza apewe nishani, Kaiser akakataa.

Mwaka 1914 mwanawe Peter, mwenye miaka 18, aliomba ruhusa ya kwenda vitani. Baba alikataa. Mama ndiye aliyembembeleza baba mpaka akakubali. Oktoba ileile Peter aliuawa Ubelgiji. Sisi tulio wazazi hatuna la kuongeza hapo.

Miaka ikapita akitafuta namna ya kuuchora msiba huo, na shaba haikumtosha. Mwaka 1920 aliona picha za Ernst Barlach zilizochapwa kwa mbao, naye akashika kisu. Ubao hauna kijivu: ulipochonga panabaki peupe, ulipoacha panatoka peusi. Ndipo zikapatikana picha 7 za Vita. Katika mojawapo vijana wanakifuata Kifo kinachopiga ngoma, na aliye karibu nacho kabisa ni Peter.

Mwaka 1933 Wanazi walimlazimisha kujiuzulu Akademia ya Sanaa ya Prussia. Mjukuu wake, naye Peter, aliuawa Urusi mwaka 1942. Mwaka uliofuata nyumba yao ikateketea kwa mabomu. Alifariki Aprili 1945, vita ikikaribia kwisha.

Makumbusho yenye jina lake yako Charlottenburg. Mkiwapeleka watoto, waonyesheni ile ya ngoma.